Kabla Hujapakia: Kugeuza Mafaili ya Sauti Mtandaoni

Anayetafuta tovuti ya kugeuza faili la sauti mara nyingi hana haja na fomati yoyote. Haja yake ni sauti isikike. Katibu wa kikundi cha kukopeshana amehamishia kwenye kompyuta ujumbe wa sauti alioupata WhatsApp, na kompyuta inamwambia haijui faili la namna hiyo. Mwenye gari amejaza kaswida kwenye flashi, na redio ya gari inadai flashi ni tupu. Mtayarishaji wa kipindi ametumiwa mahojiano yaliyorekodiwa kwa iPhone, ilhali mfumo wa studio unapokea WAV tu. Wote watatu wataandika maneno yaleyale kwenye Google na kufikishwa kwenye ukurasa wa sura ileile: kisanduku cha kutupia faili, orodha ndefu ya fomati, kitufe kikubwa, na matangazo yanayojifanya vitufe.

Shida zao, hata hivyo, hazifanani. Ya katibu haihitaji kugeuza chochote. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp hubanwa kwa kodeki, yaani njia ya kubana na kufungua sauti, iitwayo Opus na kufungwa ndani ya kasha la Ogg. Akiufungua kwa VLC utasikika, na kuna programu ambazo ukibadilisha tu mkia wa jina, .opus ukawa .ogg, zinakubali, kwa kuwa ndani ni kitu kilekile. Ya mwenye gari huenda haihusu sauti kabisa. Redio nyingi za magari husoma flashi iliyoandaliwa kwa mfumo wa FAT32 na hazioni kitu kwenye exFAT au NTFS, hata ukiweka MP3 safi namna gani. (Magari yaliyotumika Japani yana lao jingine: FM ya huko huanzia megahezi 76, na redio nyingi zilizokuja nayo zinaishia 90, kwa hiyo stesheni nyingi zetu za juu ya hapo hazishikwi. Ndiyo maana flashi imekuwa redio ya pili ya barabara zetu.) Anayelazimika kugeuza ni mtayarishaji peke yake.

Kwa maoni yangu hapo ndipo uchambuzi wa jambo hili unapopaswa kuanzia. Makala nyingi hushindanisha tovuti: ipi ina kasi, ipi haina matangazo, ipi inapokea faili kubwa. Maswali ya kwanza ni mengine: je, kuna ulazima wa kugeuza? Kama upo, unatoka fomati gani kwenda ipi? Ukishayajibu hayo, tovuti yenyewe inageuka jambo dogo, na mara nyingi haihitajiki.

Ili kuyajibu, tuanze na kilichomo ndani ya faili. Kifaa cha kurekodi hupima msukumo wa hewa unaofika kwenye maikrofoni maelfu ya mara kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kama namba. CD, iliyoingia sokoni 1982 kwa ushirikiano wa Philips na Sony, hupima mara 44,100 kwa sekunde, kila kipimo biti 16, kwa njia mbili, ya kushoto na ya kulia. Zidisha upate biti 1,411,200 kwa sekunde, sawa na megabaiti 10 na ushei kwa dakika. WAV, iliyoletwa na Microsoft na IBM mwaka 1991, kwa kawaida huhifadhi namba hizo kama zilivyo. Mahojiano ya saa moja kwa kiwango hicho ni megabaiti 635.

Kuna njia mbili za kupunguza mzigo huo, na tofauti yake ndiyo msingi wa mengine yote. Ya kwanza ni kuandika namba zilezile kwa mkato. FLAC, iliyotolewa na Josh Coalson mwaka 2001, hufanya hivyo: faili hushuka hadi nusu hivi ya lilivyokuwa, kutegemea muziki wenyewe, na ukilifungua kila namba inarudi mahali pake. Njia ya pili ni kutupa. Wahandisi wa taasisi ya Fraunhofer huko Erlangen, Ujerumani, miongoni mwao Karlheinz Brandenburg, walijikita katika udhaifu wa sikio la binadamu: ngoma kubwa ikilia, sikio halisikii mnong'ono ulio karibu nayo kwa masafa au kwa wakati. Kisichosikika hakina sababu ya kuhifadhiwa. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa MP3, ambayo mkia wake wa herufi tatu ulichaguliwa Julai 1995. Brandenburg aliijaribu mara nyingi kwa wimbo "Tom's Diner" wa Suzanne Vega, kwa sababu sauti tupu ya mwanamke isiyo na ala ilifichua haraka kila kasoro ya ubanaji.

MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde ni sehemu moja ya kumi na moja ya CD. Wimbo wa dakika nne unaingia kwenye megabaiti nne. Kwa intaneti ya simu ya mezani ya miaka ya tisini hayo yalikuwa mapinduzi, na baadaye kwa kadi za memori za simu zetu pia. Hataza zake ziliisha, na Aprili 2017 mpango wa leseni ukafungwa. Tangu hapo yeyote anaweza kutengeneza programu ya MP3 bila kulipa. Kwa hiyo leo MP3 ndiyo inayosomeka kila mahali, kuanzia spika ya Bluetooth ya kinyozi hadi redio ya lori, ingawa kiufundi imeshapitwa. AAC ya mwaka 1997, ambayo kwa kawaida huvaa kasha la M4A, hutoa sauti nzuri zaidi kwa biti zilezile. Opus, iliyopitishwa kuwa kiwango cha intaneti Septemba 2012 kwa kuunganisha kodeki ya Skype na ya wakfu wa Xiph, inatoka kilobiti 6 hadi 510 na kwa maongezi haina mpinzani wa karibu.

Sasa tazama safari zenyewe. Kutoka WAV kwenda FLAC, au kinyume chake, hakuna kinachopotea, geuza utakavyo. Kutoka WAV kwenda MP3 unatupa mara moja, kwa kujua. Kutoka M4A kwenda WAV, ile kazi ya mtayarishaji wetu, unafungua kilichobanwa: hupotezi zaidi, lakini hurudishiwi kilichokwisha kutupwa na iPhone wakati wa kurekodi. Faili linakuwa kubwa mara kumi na moja na sauti ni ileile.

Safari ya nne ndiyo yenye madhara, nayo ndiyo inayofanywa zaidi kwenye tovuti hizi: kutoka fomati inayotupa kwenda nyingine inayotupa. M4A kwenda MP3, Opus kwenda MP3, MP3 kwenda AAC. Hapo kila kodeki ina vigezo vyake vya nini kisikike na nini kisisikike. Ya kwanza ilitupa ilichotaka na kuacha makovu madogo yaliyofichwa chini ya sauti kubwa. Ya pili inayakuta makovu yale, inadhani ni muziki, inatumia biti zake kuyahifadhi na kutupa sehemu ya muziki wa kweli. Ala zenye mpigo mkali ndizo huumia kwanza. Kanuni, matari, dumbaki na kayamba huanza ghafla, na ubanaji dhaifu hutandaza mpigo huo kwa wakati, hata ukasikia kivuli cha sauti kabla ya mkono kugusa ngozi. Waimbaji wanaanza kusikika kama wako ndani ya bomba. Kwa maongezi, konsonanti za mikwaruzo ndizo hufa. Rekodi ya AMR ya simu za zamani, ambayo hupima mara 8,000 tu kwa sekunde, haina chochote cha juu ya hezi 4,000, na huko juu ndiko *s* na *th* zinakotofautiana zaidi. Asiyejua habari inayozungumzwa anaweza asijue kama ni thamani au samani.

Hapo ndipo orodha ya ubora kwenye tovuti inapodanganya bila kusema uongo. Inakupa 128, 192, 256, 320, na mtu mwenye akili zake anachagua 320. Lakini tui la mwisho ukilimimina kwenye sufuria kubwa halirudi kuwa tui la kwanza. Ujumbe wa sauti uliobanwa kwa kilobiti 24 ukiugeuza kuwa MP3 ya 320, umetengeneza faili kubwa mara kumi na tatu lenye sauti mbaya kidogo kuliko lile uliloanza nalo. Ukilazimika kufanya safari hiyo, 128 ya njia moja inatosha maongezi kwa raha. Kiwango cha juu zaidi hakiongezi chochote isipokuwa uzito.

Udanganyifu huu unaonekana kwa macho. Fungua wimbo kwenye Audacity, chagua mwonekano wa spektrogramu. MP3 ya 128 kwa kawaida imekatwa karibu na hezi 16,000 hivi, kama ukuta ulionyooka, na juu yake ni giza. Ukiona ukuta huo kwenye faili linalojiita 320, au FLAC, jua kwamba aliyelitengeneza alianza na kitu chembamba akakinenepesha. Nyimbo za zamani za dansi zinazozunguka mitandaoni kwa jina la ubora wa juu zina kuta hizo kwa wingi. Waendesha vipindi vya zilipendwa wangezipitisha kwenye kipimo hiki kabla ya kuzirusha hewani, kwa sababu kisambazaji cha FM kina vibanaji vyake na hukuza makovu ambayo kwenye spika ya simu hayakuonekana.

Tofautisha hapa kunakili na kugeuza, maana watu huyachanganya. Wimbo ukinakiliwa mara elfu kwa Bluetooth, kwa flashi, au kwa kutumwa kama hati, haupungui hata biti moja. Siku za kaseti tulizoea kwamba kopi ya kopi hufifia, na mazoea hayo yamebaki. Kinachofifisha leo ni kubana upya: kuuchomoa wimbo kwenye video ya YouTube na kuufanya MP3, kuukata kwa programu ya simu na kuuhifadhi tena MP3, kuuweka kwenye video ya stetasi kisha mwingine akauchomoa huko. (Tovuti za kuchomoa zina kesi yao tofauti. Iliyokuwa maarufu kuliko zote, youtube-mp3.org ya Ujerumani, ilishtakiwa na makampuni ya muziki mwaka 2016 na kufungwa mwaka uliofuata. Zilizochipuka baada yake hazina idadi, na msanii halipwi na hata moja.)

Kuna kingine kinachopotea ambacho hakisikiki. Ndani ya faili la wimbo mna lebo: jina la wimbo, msanii, albamu, mwaka. MP3 huziandika kwa mfumo wa ID3, Ogg na FLAC kwa mfumo mwingine, M4A kwa wa tatu. Kigeuzi kizuri huzihamisha. Kibovu huzidondosha, ukabaki na "Track 01" isiyo na mwenyewe, au huweka jina la tovuti mahali pa jina la mwimbaji. ID3 ya kwanza, ya mwaka 1996, ilitenga herufi 30 tu kwa jina. Andika humo International Orchestra Safari Sound, bendi ya Dar es Salaam, na itabaki International Orchestra Safari; neno la mwisho linaanguka nje. Toleo la pili lilikwisha kuondoa kikomo hicho mwaka 1998, lakini mafaili yaliyopita kwenye vigeuzi vya zamani bado yana majina yaliyokatwa mkia. Kwa muziki ambao sehemu kubwa ya habari zake haikuandikwa kitabuni, lebo hizo ni nyaraka.

Turudi kwenye neno "mtandaoni". Kugeuza kwenye tovuti kuna safari mbili: faili linapanda, matokeo yanashuka. Mahojiano ya saa moja ya M4A ya kilobiti 128 ni megabaiti 58. Yanapanda, yanafunguliwa huko kuwa WAV, yanashuka megabaiti 635. Jumla ni karibu megabaiti 700 za bando, kwa kazi ambayo kompyuta ya mezani ya kizamani ingeimaliza bila intaneti kabla chai haijapoa. Mtandao ukikatika kwenye asilimia 90, unaanza upya. Anayefanya hesabu hii mara moja hurudi tovutini kwa mafaili madogo tu.

Gharama ya siri ni nzito kuliko ya bando. Kupakia maana yake ni kumkabidhi mtu usiyemjua nakala ya sauti. Tovuti nyingi huahidi kuifuta baada ya saa kadhaa, na nyingine bila shaka hufanya hivyo, lakini aliyepakia hana njia ya kukagua. Kwa wimbo uliokwisha kutoka redioni, si neno. Kwa mahojiano ya mwandishi na chanzo kilichoomba kufichwa, maelezo ya mgonjwa, kikao cha familia kuhusu mirathi, au ushauri wa sheikh au mchungaji kwa mtu mmoja, ni jambo jingine. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya mwaka 2019, inapofafanua taarifa za kibayometriki, inataja pamoja na alama za vidole utambuzi wa sauti. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Afisa wa shirika anayepakia sauti za wahojiwa kwenye tovuti ya bure iliyoko nchi asiyoijua anapeleka taarifa za watu nje ya mipaka, akijua au asijue. Sijaona fomu nyingi za ridhaa zinazomwambia mhojiwa hilo.

Kuna pia tovuti ambazo lengo lao halikuwa kugeuza chochote. Machi 2025 ofisi ya FBI ya Denver, Marekani, ilitoa onyo kuhusu vigeuzi vya bure vya mafaili vinavyorudisha faili likiwa na programu hasidi ndani yake, au vinavyochota taarifa binafsi kutoka kwenye kilichopakiwa. Kanuni ya kujikinga ni nyepesi: uliomba MP3, ukashushiwa faili lenye mkia wa .exe, .apk au .zip, lifute bila kulifungua. Na tovuti ikikutaka uruhusu arifa za kivinjari au usakinishe kiendelezi ndipo ikuhudumie, ondoka.

Si kila tovuti hupeleka faili lako mbali. Tangu 2017 vivinjari vikubwa vyote vinaendesha WebAssembly, teknolojia inayoruhusu programu nzito kufanya kazi ndani ya kivinjari chenyewe. Zipo tovuti za kugeuza zilizojengwa hivyo: unapakua programu pamoja na ukurasa, na sauti haitoki kwenye kifaa chako. Maneno ya matangazo yasikutoshe, jipimie. Fungua ukurasa, uache utulie, zima data, kisha geuza faili dogo lisilo na siri. Likigeuka, kazi imefanyika kwako. Likikwama, huenda sauti ilikuwa inasafiri. Aina hii naipendekeza bila wasiwasi kwa mwenye kompyuta ya ofisi asiyeruhusiwa kusakinisha kitu, ingawa faili la saa nyingi linaweza kuielemea simu yenye kumbukumbu ndogo.

Kwa mwingine yeyote mwenye kazi ya kila wiki, zana ziko na ni za bure. Nyuma ya tovuti nyingi za kugeuza kuna programu moja, FFmpeg, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2000. Unapoipakua mwenyewe unamwondoa dalali. Inaendeshwa kwa amri za kuandika, jambo linalowatisha watu kuliko inavyostahili, kwa sababu amri ya msingi ni jina la faili lililopo na jina la unalolitaka. Ina pia uwezo ambao tovuti chache hukupa: kuhamisha sauti kutoka kasha moja kwenda jingine bila kuibana upya. Sauti ya AAC iliyomo ndani ya video ya MP4 inaweza kutolewa ikawa M4A kwa sekunde moja, biti kwa biti, wakati kigeuzi cha kawaida kingeisaga kuwa MP3. Asiyetaka kuandika amri ana VLC, ambayo menyu yake ina sehemu ya kugeuza, na Audacity kwa anayetaka kukata na kusafisha kabla ya kuhifadhi.

Kuna mahali ambapo kugeuza hakufai hata kwa zana bora, na hapo ni sauti inapoweza kuwa ushahidi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 inaitaka mahakama, inapopima uzito wa kumbukumbu ya kielektroniki, iangalie namna ilivyotengenezwa na kuhifadhiwa na jinsi uadilifu wake ulivyolindwa. Ujumbe wa vitisho ulioingia kama .opus na kufikishwa kwa wakili kama MP3 umekwisha kuwa faili jingine, lenye tarehe nyingine, na umempa upande wa pili swali la kuuliza. Hifadhi simu, hifadhi faili la asili, na kama lazima pawe na nakala ya kusikiliza, iitwe nakala.

Upande wa pili wa mizani wako wenye masanduku ya kaseti za taarabu na mikanda ya vipindi vya redio, hotuba na mawaidha. Kwao kugeuza ndiyo kazi yenyewe, na hapo uamuzi wa siku ya kwanza ndio unaodumu. Shirika la kimataifa la hifadhi za sauti, IASA, linataka uhamishaji wa aina hii ufanywe kwa biti 24, na vipimo visivyopungua 48,000 kwa sekunde, ikiwezekana 96,000. Si kwamba kaseti ina sauti ya juu kiasi hicho. Mlio wa mkanda, mikwaruzo na mipasuko huondolewa vizuri zaidi baadaye ikiwa imenakiliwa kwa ukamilifu, na mkanda wenyewe huenda usikubali kuchezwa tena. Kwa kiwango hicho cha juu WAV ya kawaida hufika kikomo chake cha gigabaiti 4 baada ya saa mbili hivi, kwa hiyo usiku mzima wa maulidi lazima ukatwe vipande au uandikwe kwa RF64, toleo la WAV lisilo na kikomo hicho. Aliye na diski ndogo abane kwa FLAC. Inaokoa nafasi bila kutupa, na huandika ndani ya faili alama ya MD5 ya sauti ya asili, ambayo programu inaweza kuikagua miaka mingi baadaye na kusema kama kuna biti iliyoharibika. WAV haina ulinzi huo. MP3 za kusambaza WhatsApp zitengenezwe kutoka kwenye FLAC hiyo, moja kwa moja, kila zinapohitajika.